Kutunza kambi ni kazi: toka shefu wa kambi wa zamani mpaka Kapata ya leo

Kule Kapata, upande wa kusini-magharibi ya Kolwezi, wazee wangali wanasema "kwetu kambini", hata kama kambi yenyewe haiko tena kambi. Nyumba zimepangwa mistari na barabara zimenyooka. Hiyo ni alama ya kampuni, Gécamines, mrithi wa Union Minière. Na katika kambi za kampuni kulikuwa mtu mmoja ambaye kila mkaaji, hata mtoto, alijua jina lake: shefu wa kambi.

Kampuni iliachilia kambi zake kidogo kidogo. Kazi ya yule shefu haikuisha, ila mwenye kuifanya njo hayuko. Ukiona bomba limepasuka na maji yanamwagika wiki mbili mbele ya nyumba 30, na kila mtu anangoja mwingine aende kusema, ujue pale njo pengo lenyewe.

Mwanzoni kambi hazikuwa na mpango wowote mzuri. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na ilitafuta watu mbali: Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kisha Ruanda-Urundi. Watu waliipa kampuni jina la Changa-changa, yule anayekusanya watu. Wanaume walikuja bila wake, kwa mkataba mfupi, wakalala wengi mahali pamoja. Kuhara damu, homa ya mapafu na yale mafua makubwa ya 1918 viliua wengi sana. Kuanzia 1928 hivi, kampuni ikabadilisha siasa: mkataba wa miaka 3, mfanyakazi alete bibi yake, apewe nyumba ya familia, kuwe hospitali na shule. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza mambo ya wafanyakazi Waafrika, njo jina linalokumbukwa zaidi katika mabadiliko hayo. Haikuwa huruma tu. Mtu akifa ao akitoroka, kampuni ilipoteza pesa ya kutafuta na kufundisha mwingine.

Basi shefu wa kambi alifanya nini? Kwanza, alijua nani analala wapi. Alikuwa na daftari ya nyumba na watu: mume, mke, watoto, na mgeni aliyeingia. Mgeni kukaa bila kutangazwa ilikuwa kosa. Leo jambo hilo linaonekana kama upolisi, na kweli lilikuwa upolisi. Lakini daftari hiyo ilikuwa pia njo inayosema unga kiasi gani utolewe, watoto wangapi wapelekwe kuchanjwa, na nyumba gani ina watu kupita kiasi. Pili, alisimamia posho: unga, maharagwe, mafuta ya ngazi, chumvi, samaki ao nyama. Tatu, alipita na kuangalia usafi: vyoo, mifereji, takataka, maji yanayotuama. Na jioni alikata maneno ya majirani, mambo ya ulevi, kelele, deni, mtoto wa fulani kumpiga wa fulani.

Watu walisema kazi njo baba, kazi njo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, aliandika kitabu kizima kuhusu "wana wa Shaba walioachwa na baba yao", kilichotoka mwaka 2001. Baba huyo alilisha, lakini hakupenda kuulizwa. Shefu wa kambi alijibu kwa kampuni, hakujibu kwa wakaaji, na malalamiko yaliishia mlangoni pa ofisi. Desemba 1941, wakati vita ilikuwa imepandisha bei, wafanyakazi waligoma kwa kudai mshahara, na kule Elisabethville askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu wakafa. Kwa hiyo anayesifu usafi wa kambi ya zamani, asisahau kwamba barabara zilifagiliwa kwa amri.

Kisha mambo yakabomoka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, Kolwezi ikiwa ndani, na nyumba nyingi zikabadilisha wenyewe kwa siku chache. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa pesa ya Benki ya Dunia, Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. "Hiari" ni neno la karatasi; wazee wengi hawalikubali mpaka leo.

Kapata haikubaki tupu. Wachimbaji wa mkono walikuja, wanunuzi wa madini nao, mama wauza chakula, familia toka vijiji na toka provinsi zingine. Kwenye ziwa Malo, kando ya makao, watu wameosha madini, na watoto ndani yao. Parsela iliyopangwa kwa familia moja ikajengwa vyumba vya kupangisha mpaka ukutani. Na mwaka 2014 kule Kasulo, kartye ingine ya Kolwezi, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao. Mashimo yakaingia mpaka chini ya vyumba vya kulala. Tangu siku hiyo, mwenye kutunza makao Kolwezi analazimika kuangalia hata kinachoendelea chini ya sakafu ya jirani.

Sheria ina watu wake: meya, burgmesta, shefu wa kartye, shefu wa avenyu. Lakini mmoja anaweza kuwa na maelfu ya watu, na kalamu peke yake. Njo maana mahali pengi kazi ya kila siku inaangukia kamati ya wakaaji, ao mama mmoja ambaye mbele ya nyumba yake njo kuna robine. Wasomaji wa Kivu na Ituri wanaijua kazi hii kwa upande mwingine, katika kambi za waliokimbia vita, ambako kuna msimamizi wa kambi na kamati zake. Mashirika ya msaada yanafuata vipimo vya kitabu kinachoitwa Sphere, na vipimo hivyo vinaweza kutumika hata Kapata, bila kungoja shirika.

Chukua parsela moja yenye wapangaji, watu 22. Sphere inasema maji yasipungue lita 15 kwa mtu kwa siku: ya kunywa, kupika na kuoga. Hapo ni lita 330, karibu bidoni 17 za lita 20. Robine moja isihudumie watu kupita 250, na mtu asisimame kwenye foleni zaidi ya nusu saa. Choo kimoja kwa watu 20, kwa hiyo parsela ile tayari imepita kipimo. Shimo la choo liwe mbali na kisima, angalau mita 30. Hapo njo Kapata na kartye zingine zinashindwa, sababu parsela nyingi hazina hata mita 30 toka ukuta mpaka ukuta. Mmoja anachimba choo, jirani anachimba kisima nyuma ya ukuta uleule, na kila mmoja yuko kwake kisheria. Kipindupindu hakiulizi mpaka wa parsela. Mtu wa kutunza makao anatakiwa kwenda kuongea kabla jembe halijaingia, maana kisima kikishachimbwa hakuna atakayekifunika.

Takataka ni rahisi kidogo. Salongo ya Jumamosi, iliyobaki toka wakati wa Mobutu, inasafisha mfereji asubuhi. Jioni mvua inarudisha yote kama rundo limeachwa pembeni. Kazi si kufagia tu. Lazima kuwe mahali panapojulikana pa kutupa, na mtu wa kubeba.

Na yule wa kubeba lazima alipwe. Hapa njo kamati nyingi zinakufa. Kila nyumba inatoa pesa kidogo, mwezi wa kwanza watu wanatoa, wa pili wanauliza, wa tatu wanakataa. Wanakataa kwa sababu hawakuonyeshwa pesa ilienda wapi. Shefu wa kambi wa zamani hakuwa na shida hiyo, pesa ilikuwa ya kampuni. Wa leo anakula kwa imani ya majirani tu. Karatasi iliyobandikwa karibu na robine, yenye kilichoingia, kilichotoka, na jina la nyumba isiyotoa bado, inafanya kazi kuliko mkutano wa saa tatu.

Inabaki daftari. Kamati inaweza kuandika nyumba, idadi ya watu, mjamzito, mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, mtoto asiyesoma. Wapangaji wengi wanaogopa: nani atasoma majina hayo, polisi ao watu wa kodi? Hofu hiyo ina mizizi katika kambi ya zamani, na haitaondolewa kwa kusema "msiogope". Kamati inaweza kuandika idadi bila majina, isipokuwa kwa wale wanaohitaji kusaidiwa usiku, na daftari ilale kwa mtu ambaye wakaaji wenyewe wamemchagua. Akihama ao akichoka, anakabidhi daftari mbele ya watu, si kuondoka nayo kwenye mfuko.