Mgeni Mwema Husikiliza Wenyeji

Mji wa Uvira umejengwa kati ya milima mirefu na maji ya Ziwa Tanganyika. Kaskazini ya mji uko mto Ruzizi. Mto huu hutoka Ziwa Kivu, hupita katika bonde pana, kisha huingia Ziwa Tanganyika. Kila mvuvi wa Uvira anajua jambo hili. Lakini zamani wasomi wa Ulaya walibishana juu yake miaka mingi.

Mwaka 1858 wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili. Walitumaini kwamba Ruzizi hutoka ziwani na kwenda kaskazini. Wakauliza. Wana watatu wa mtawala wa nchi ile wakajibu kwamba Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Burton alisikitika sana, maana hilo silo jibu alilolitamani. Wapiga makasia wao waliogopa kwenda mbele, basi wakarudi bila kuuona mlango wa mto.

Huko Uingereza ubishi ulizidi. Baadaye Burton mwenyewe aliyaacha maneno ya wenyeji, akadai kwamba Ruzizi hutoka ziwani. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kutoka Ujiji. Waliingia kwa mtumbwi mpaka mlangoni mwa mto, wakaona maji yakija ziwani kwa nguvu. Kumbe wale vijana walisema kweli! Miaka 13 ilipotea kwa kubishia neno ambalo wenyeji walikuwa wamekwisha kulisema.

Siku hizi wasafiri hawatafuti tena chanzo cha mto. Hutaka kuona ziwa, milima na wanyama. Lakini somo ni lile lile: mwenyeji anaijua nchi yake, na mgeni hana budi kumsikiliza.

Msafiri mwema huanza kwa salamu. Huuliza njia na desturi, naye hushika anayoambiwa. Wavuvi wakimwonya kwamba mahali fulani pana viboko au mamba, haogi hapo. Akitaka kumpiga picha mama anayeanika ndagala juani, humwomba kwanza. Mama akikataa, huweka kamera yake bila kununa, kwa maana mtu si mti wala jiwe. Akinunua samaki, hulipa bei ya haki. Hampunji mvuvi aliyekesha ziwani na taa yake.

Tena hatupi takataka majini. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hufika karibu meta 1,470. Mito mingi huingia ndani yake, lakini mmoja tu hutoka, nao ni Lukuga, kule Kalemie. Kwa hiyo maji yake hubadilika polepole sana, na uchafu hukaa humo. Watu wa Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia huyatumia maji hayo hayo.

Na mtoto wa Uvira akienda Bujumbura, Bukavu au Kigoma, yeye naye ni mgeni. Aende kwa adabu, ili wenyeji wake wafurahi siku atakaporudi. Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maswali
1. Mto Ruzizi hutoka wapi, nao huingia wapi?
2. Kwa nini Burton alisikitika?
3. Msafiri afanye nini kabla ya kumpiga mtu picha?