Kengele ya Dashibodi na Moyo wa Dereva

Tumeshaiacha Hifadhi ya Mikumi, basi la Mbeya limepata barabara iliyonyooka. Nimekaa kiti cha mbele. Mshale wa mwendo unapita kilomita 80 kwa saa, unazidi kupanda, mara kidude cha dashibodini kinapiga kelele: pii, pii, pii. Dereva anainua mguu, kinanyamaza. Nyuma abiria mmoja anapaza sauti, "Suka, kanyaga, tutafika usiku!" Mama mmoja anamjibu, "Taratibu, tuna watoto humu." Mabega ya dereva yamekaza.

Kidude hicho ni sehemu ya VTS, mfumo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, unaofuatilia mwendo wa mabasi na mahali yalipo. Ulaya wameongeza vingine: tangu Julai 2024 kila basi jipya linalosajiliwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima limwonye dereva anayeanza kusinzia, na limjulishe kama kuna mwendesha baiskeli pembeni, mahali ambapo kioo hakifiki.

Vifaa hivi vinaokoa maisha. Lakini mlio wa ghafla huuamsha mwili: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Ng'ombe akikatiza barabara, hiyo ni neema. Mlio ukirudi kila mara pasipo hatari, mwili hukosa nafasi ya kutulia. Au sikio huzoea, na siku ya hatari ya kweli likaupuuza.

Afya ya madereva si jambo la kupuuza. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London waliugua moyo zaidi kuliko makondakta wao. Yeye aliona chanzo ni kukaa kutwa nzima, wakati kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa. Mwaka 1979 Robert Karasek akaeleza kwamba kazi inayomchosha mtu zaidi ni ile inayomdai mengi na kumpa uwezo mdogo wa kuamua. Nani anayefanana na maelezo hayo kuliko dereva wa basi? Ratiba si yake, foleni si yake, trafiki mwenye tochi anamsubiri kwenye kona.

Tuliposimama kula, nilimuuliza dereva wetu kama kengele inamkera. "Inakera," alisema, "lakini inanisaidia. Abiria wakinisukuma nawaambia, mnasikia wenyewe, siwezi."

Hapo ndipo niliposhika jambo. Kengele ileile ni ngao inapompa dereva nguvu ya kukataa mwendo wa hatari, na ni mzigo pale tajiri anapompangia muda ambao kwa kilomita 80 kwa saa hautoshi. Kabla ya kuongeza kifaa kingine, tupange ratiba inayotekelezeka, tupunguze milio isiyo na sababu, na tumuulize kwanza anayeshika usukani.

Mlima wa Kitonga tuliupanda nyuma ya malori, polepole. Kengele haikulia hata mara moja, na mabega ya dereva yalikuwa yameshuka.