Barua ya Marki Bilioni Mia Moja

Bahasha nyingi zilizopita posta za Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1923 hazionyeshi vizuri hata jina la mpokeaji. Stempu zimeujaza upande wa mbele, zikakosa nafasi, zikahamia nyuma. Isogeze mojawapo karibu na macho: ni stempu ya marki 200, lakini juu yake imegongwa chapa nyeusi inayosema sasa ni ya milioni 2.

Januari mwaka huo majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, kwenye migodi na viwanda, kudai malipo ya Vita Kuu ya Kwanza. Wafanyakazi wakagoma, na serikali iliyowaunga mkono ikawalipa kwa noti ilizochapisha bila kikomo. Bei zikapaa, na posta ikazifuata mbio. Kutuma barua ya kawaida ndani ya nchi kuligharimu marki 50 katikati ya Januari. Agosti ilipoanza zilihitajika 1,000, na Oktoba milioni 2. Tarehe 12 Novemba ilikuwa bilioni 10.

Mitambo ya kuchapa ilizidiwa. Ndiyo maana stempu za zamani zikatolewa ghalani na kugongwa tarakimu mpya, na hata hizo hazikukawia kupitwa na wakati. Kuanzia tarehe 26 hadi 30 Novemba posta ilikata shauri kwamba kila stempu ihesabiwe mara nne ya thamani iliyoandikwa, kwa hiyo stempu ya bilioni 20 ikatosha barua ya bilioni 80. Tarehe 1 Desemba nauli ikafika bilioni 100. Wakati huo ilikwisha kuja sarafu mpya, Rentenmark, iliyobadilishwa moja kwa marki trilioni 1 za karatasi, na barua ile ile ikalipiwa senti 10 tu za sarafu hiyo. Aliyekuwa ameweka akiba yake benki miaka yote alibaki na kiasi kisichonunua hata stempu moja. Ni vigumu kupata kitabu cha uchumi kinachoyaeleza haya waziwazi kama bahasha hizo.

Historia ya stempu hizi ilianza zamani zaidi: stempu ya kwanza ya Kijerumani haikuwa hata ya Ujerumani, kwani nchi hiyo ilikuwa bado haijaungana. Ilitolewa na ufalme wa Bavaria tarehe 1 Novemba 1849: nyeusi, yenye tarakimu 1 kubwa katikati. Wino wa muhuri haukuonekana vizuri juu ya weusi huo, basi mwaka uliofuata ikabadilishwa rangi, na ndani ya karatasi ukapitishwa uzi mwembamba wa hariri kuwazuia waghushi.

Msomaji wa Kiswahili ana sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1893 stempu za Ujerumani zilizotumika katika koloni lake la Afrika Mashariki ziligongwa chapa ya neno PESA, kwa kuwa huku hesabu ilikuwa ya rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Ujerumani iligawanyika, na stempu zikaingia ugomvini. Kuanzia Desemba 1948 barua nyingi za magharibi zililazimika kubeba, pamoja na stempu ya kawaida, kistempu cha buluu cha senti 2, mchango wa kuusaidia mji wa Berlin. Mwaka 1953 magharibi ikatoa stempu ya kuwakumbuka wafungwa wa vita ambao walikuwa hawajarudi nyumbani. Mashariki haikuivumilia: barua zilizobeba stempu hiyo zilirudishwa, au picha yake ikapakwa wino.

Nchi iliungana tena tarehe 3 Oktoba 1990. Stempu za mwisho za Mashariki, zilizotolewa tangu Julai mwaka huo zikiwa tayari na bei za sarafu ya Magharibi, ziliendelea kukubaliwa nchi nzima hadi mwisho wa mwaka 1991. Kwa miezi hiyo, barua ya Hamburg iliweza kusafiri kwa stempu ya nchi ambayo haipo tena.