Toleo la Ngapi? Namba za Masahihisho na Ramani ya Jozani

Kima punju wa msitu wa Jozani alipewa jina la kitaalamu na John Edward Gray mwaka 1868, akawekwa katika jenasi ya Colobus. Baadaye wataalamu walimhamisha, na leo jina lake huandikwa Piliocolobus kirkii (Gray, 1868). Mabano hayo si pambo. Kwa kanuni za majina ya wanyama, yanamwarifu msomaji kwamba mnyama ni yule yule ila ameondolewa katika jenasi aliyowekwa kwanza. Hayasemi, hata hivyo, kwamba amehamishwa mara ngapi, wala lini. Upungufu wa namna hiyo ndio ambao watengenezaji wa programu za kompyuta wamejitahidi kuuondoa katika kazi yao, na njia walizozibuni zimeifikia hata ramani ya msitu wenyewe.

Namba zitumikazo ni za aina mbili, na mara nyingi huchanganywa. Aina ya kwanza hutolewa na binadamu kwa hiari yake. Mfano ni QGIS, programu itumiwayo sana na wachora ramani. Toleo la 3.4 lilitoka mwaka 2018, na toleo la 3.10 mwaka 2019. Mtu aliyezoea desimali za shuleni atadhani 3.10 ni ndogo kuliko 3.4, naye atakuwa amekosea. Nukta hapa hutenga namba kama sura na aya za kitabu zinavyotengwa, na aya ya 10 huja baada ya aya ya 4. Namba ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi. QGIS ilipotoka 2 kwenda 3 mwaka 2018, viongezo vilivyoandikwa kwa toleo la zamani vilihitaji kurekebishwa ndipo vifanye kazi. Namba ya pili huonyesha nyongeza, na ya tatu, kama katika 3.10.14, huonyesha kwamba makosa tu yamesahihishwa. Yote haya ni ahadi ya watengenezaji, na ahadi yaweza kuvunjwa.

Aina ya pili hutolewa na mashine, nayo haiahidi lolote. Katika mfumo wa Subversion, kila badiliko linapohifadhiwa ghala zima la faili hupanda namba moja. Hivyo sahihisho la 500 halimaanishi kwamba faili fulani imebadilishwa mara 500; pengine haijaguswa tangu siku ya kwanza. Mfumo wa Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, umeacha kuhesabu kabisa. Kitambulisho chake cha kawaida ni mfuatano wa alama 40 zinazokokotolewa kutokana na yaliyohifadhiwa pamoja na kitambulisho cha sahihisho lililotangulia. Mkato mmoja ukiongezwa, karibu alama zote hubadilika. Kwa kuvitazama vitambulisho viwili tu, hakuna awezaye kusema kipi kilitangulia.

Turudi Unguja. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha za visiwa kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Picha kama hizo huwawezesha wachoraji kuweka nyumba, njia na mipaka katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayoweza kusahihishwa na mtu yeyote. Humo kila kitu kina namba yake ya toleo. Tuseme tuta moja katika barabara ipitayo Jozani, ambako matuta yaliwekwa kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa na magari. Tuta likichorwa mara ya kwanza huwa toleo la 1. Likisogezwa huwa la 2. Likifutwa, kufutwa huko nako huwa toleo la 3, na kumbukumbu za nyuma hubaki.

Namba hiyo pia ni bawabu. Wachoraji wawili wakichukua toleo la 2 kwa pamoja, wa kwanza kurudisha kazi yake hulifanya la 3. Wa pili akija na marekebisho ya toleo la 2, mashine humkatalia mpaka aitazame kazi ya mwenzake. Bila ya hivyo, kazi ya wa kwanza ingefutika kimya kimya.

Kila sahihisho hubeba vile vile namba ya fungu la mabadiliko, na hii huhesabiwa kwa dunia nzima. Mwezi Februari 2021 ilivuka milioni 100. Mafungu mawili yenye namba zinazofuatana yaweza kuwa moja la Chwaka na jingine la Peru. Tena, fungu laweza kukaa wazi hadi saa 24, kwa hiyo lenye namba ndogo huenda likafungwa baada ya lenye namba kubwa.

Mtego mkubwa zaidi uko katika mistari. Mpaka wa hifadhi, au njia ya miguu ndani ya mikoko, huchorwa kwa nukta nyingi zilizounganishwa. Mtu akizisogeza nukta, matoleo ya nukta hupanda, lakini toleo la mstari halipandi, kwa kuwa mstari unahifadhi orodha ya nukta zake tu, si mahali zilipo. Mpaka waweza kuhama mita mia, ukala shamba la mkulima wa Pete au ukatoa miti nje ya hifadhi, na bado ukajitambulisha kuwa toleo la 1. Bwana misitu anayelinganisha nakala mbili kwa namba ya mstari peke yake atazikuta zinafanana. Inambidi afungue historia ya nukta moja moja, au alinganishe michoro yenyewe, huku amekwisha kuandika pembeni mwa kila nakala tarehe na saa iliyochukuliwa.