Tarehe za Desemba Zilivyokaa Juu

Kanuni ya kukokotoa uwezekano wa kuchaguliwa kwa nasibu ni fupi: gawa nafasi unazozitafuta kwa nafasi zote zilizopo. Lakini kanuni hiyo ina sharti ambalo wengi hulipita mbio, kwamba kila kilichomo chomboni kiwe na nafasi sawa na kingine. Sharti hilo hutimizwa kwa mikono, na mikono ikizembea, hesabu iliyo sahihi kabisa hutoa jibu la uongo.

Marekani ilishuhudia hayo tarehe 1 Desemba 1969, wakati wa vita vya Vietnam. Droo ilichezeshwa Washington kupanga vijana wa kiume waliozaliwa kati ya 1944 na 1950 wataitwa jeshini kwa utaratibu gani. Kapsuli 366 za plastiki, kila moja na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, zilimiminwa katika chombo kikubwa cha kioo. Iliyotoka kwanza ni Septemba 14, ikapewa namba 1. Wito hatimaye ulifika namba 195, kwa hiyo kila kijana alistahili uwezekano wa 195 kwa 366, yaani asilimia 53. Kwa ndugu wawili wenye tarehe tofauti, hesabu huendelea hatua moja: wa kwanza akishaangukiwa, zimebaki nafasi 194 katika tarehe 365. Zidisha sehemu hizo mbili, unapata asilimia 28 kwamba wataitwa wote. Kunusurika wote ni asilimia 22 tu. Basi karibu familia nne kati ya tano za namna hiyo zilipaswa kutarajia kumtoa walau mwana mmoja.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Kwa Desemba, siku 14 au 15 zilitarajiwa kubaki nje ya wito, lakini zilibaki tano. Wastani wa namba za Januari ulikuwa 201, wa Desemba 122, ilhali kila mwezi ulitarajiwa kukaribia 183. Kabla ya kumiminwa katika chombo cha kioo, kapsuli zilikuwa zimeingizwa katika sanduku mwezi baada ya mwezi, zikichanganywa kila mara, hivyo za Januari zilivurugwa mara nyingi na za Desemba kidogo sana. Zilipomiminwa, za mwisho wa mwaka zilikaa juu, karibu na mkono.

Atatokea wa kusema kwamba bahati huzaa mpangilio wowote, hata huo. Ni kweli, ila tupime. Miezi sita ya kwanza yote ilikuwa na wastani wa juu, na sita ya mwisho yote wastani wa chini. Kuna njia 924 za kuchagua miezi sita kati ya 12, na ni moja tu inayoleta mgawanyo huo. Bahati ya namna hiyo haikatazwi, lakini tunapokuwa na sababu inayoonekana kwa macho, kung'ang'ania bahati ni kukwepa swali. Mwingine atasema hakuna aliyekusudia dhuluma. Nami nakubali; ila kutokukusudia hakumrudishii kijana wa Desemba nafasi aliyonyimwa, na hapa nafasi hiyo ilikuwa uhai wake.

Droo ya Julai 1970 ilitumia mapipa mawili, tarehe katika moja na namba katika jingine, ili uzembe wa kuchanganya pipa moja usitoshe kuharibu matokeo. Waliopangwa mwaka 1969 walibaki na namba zao.