Kifafa Kinachochelewa: Tusisahau Pigo la Kichwa



Mtoto akianguka kutoka mwembeni au akigongwa na bodaboda, sisi wazazi wa Jinja na Mbale hushukuru jeraha likipona, tukadhani mambo yamekwisha. Lakini ubongo ulioumia sana huweza kubaki na kovu, na kovu hilo laweza kuleta kifafa baada ya wiki, miezi, hata miaka. Mara nyingi huanza katika miaka 2 ya mwanzo.

Siku hiyo wengi wetu husema ni malaria au mapepo. Pigo la zamani tumelisahau, na daktari asipoambiwa hatalijua. Basi tutunze karatasi za hospitali, na pigo tulitaje.

Mtoto akishikwa, tumlaze ubavu, tusimtie kitu kinywani, na tutazame saa. Ikiwa ni mara ya kwanza, au zikipita dakika 5, tumkimbize hospitali. Povu lake haliambukizi, tusiogope kumshika. Dawa anywe kila siku, wala isikatizwe bila ruhusa ya daktari.

Hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, imetibu maradhi ya ubongo tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Lakini kwa mfanyakazi wa Jinja, kwenda huko ni kupoteza zamu. Hapo ndipo kazi ya chama ilipo: tudai kila mwajiri ampe mzazi ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki bila kukatwa mshahara. Mtoto asikose dawa kwa sababu ya zamu.