Sahihi ya kibarua haihalalishi mshahara duni

Kibarua wa Thika au Ruiru aliyetia sahihi mkataba wa malipo duni hafungwi na sahihi hiyo. Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 hukitupa kiwango hicho na kuweka cha serikali mahali pake, hata kama mwenyewe aliridhia.

Viwango hutangazwa na Waziri wa Leba katika gazeti rasmi la serikali. Amri ya jumla huigawa nchi katika makundi matatu. Thika imo katika kundi la pili kwa kuwa ilikuwa manispaa. Ruiru, ingawa inapakana na Nairobi, imo humo pia, tena kwa kutajwa jina pamoja na Mavoko na Limuru. Si jambo dogo. Mwaka 2022, kibarua wa kawaida wa miji hiyo aliwekewa Sh14,025.40 kwa mwezi, na mwenzake wa "maeneo mengine" Sh8,109.90, mbali na marupurupu ya nyumba. Nyongeza ya asilimia 6 ilianza Novemba 1, 2024.

Afisa wa leba anaruhusiwa kuingia kiwandani na kukagua rekodi za malipo. Mwajiri anayelipa pungufu hutenda kosa la jinai. Hata hivyo, mfanyakazi asikawie: kwa kawaida, madai ya mkataba wa kazi hayapokewi kortini baada ya miaka mitatu.